Magoti ya Mbuke

Mwaka 1977, mbele ya mkutano wa kijiji, mkuu wa wilaya alitangaza kwamba uchawi haupo, na kwa kuwa haupo, hakuna kikongwe mwenye sababu ya kukihama kijiji chake kwa hofu. Tamko likapigiwa makofi. Mbuke naye alipiga, ameinamisha uso ili watu wasimwone macho.

Macho yake yalikuwa mekundu. Upande wetu wa Songwa kuni zilikwisha zamani, na maisha yake yote Mbuke alipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, vitu vyenye moto kidogo na moshi mwingi. Kila mtu alijua habari za moshi. Lakini ndama anapokufa, hakuna anayeulizia moshi. Msimu uliopita, kikongwe wa kijiji cha jirani, mwenye macho ya namna ile ile, alikatwa mapanga akiwa anakula.

Mwanawe Makoye, kibarua wa kinu cha pamba mjini Shinyanga, alikwenda dukani kwa Mhindi mmoja, Dhanbai, kutafuta dawa. Dhanbai akamtolea chupa ya mafuta ya samaki.

"Kijiko kimoja kila siku, baada ya chakula. Yanasaidia macho, mifupa, viungo. Bila haya mimi nisingepanda ngazi ya stoo."

"Na wekundu utaondoka?"

"Wekundu sijui, baba. Nakwambia ninachokijua."

Makoye alikuwa ameshalishika neno macho, mengine hayakumwingia.

Mbuke akanywa, ingawa alisema ni kama maji yaliyooshewa sato wa juzi. Macho yakabaki mekundu. Kilichopona ni magoti. Kufikia mavuno ya pamba alikuwa anakwenda kisimani bila fimbo, anawapita wasichana njiani.

Tangu serikali ilipotuhamishia vijiji vya ujamaa na kutupanga kwa mistari, nyumba hutazamana mlango kwa mlango. Jirani wa mbele ya Mbuke alikuwa mwanamke aitwaye Sikujua, aliyekwisha kufiwa na ndama wawili.

"Mama Makoye, mwaka jana ulikuwa unatambaa, leo unatutimulia vumbi! Nguvu hizo umemnyang'anya nani?"

"Nimenunuliwa dawa dukani kwa Mhindi."

"Hebu tuone."

Wanawake waliokuwa kisimani walicheka, wakamfuata mpaka kwake. Sikujua akainusa chupa, akarudi nyuma.

"Mafuta ya nini haya?"

"Ya samaki."

"Samaki," alisema Sikujua kama asiyeamini, akiwatazama wenzake. Hakuna aliyecheka tena.

Kesho yake Mbuke alitoka na fimbo, anachechemea.

"Mayu, mama yangu, magoti yamerudia?" aliuliza mkwewe Scolastika, mke wa Makoye.

"Hayajambo. Nyamaza, mwanangu. Nikionekana mzima watanimaliza."

Akachechemea hivyo kwa siku kadhaa, vizuri tu, ila asubuhi moja hofu ilimchanganya, akauburuta mguu wa kushoto badala ya wa kulia. Sikujua alikuwa mlangoni, anapepeta mtama. Aliacha kupepeta.

Ndama wa tatu akafa wiki hiyo. Mume wa Sikujua akapita kwa Mbuke bila kumwamkia, na Scolastika akatuma habari mjini mchana ule ule. Makoye alifika kesho yake na lori la pamba, akampakia mama yake katikati ya magunia, na jua lilipotua walikuwa Shinyanga, mbele ya mwenye nyumba aliyopanga Makoye, mzee Kamrudin.

"Shikamoo, mzee. Naomba chumba cha uani, cha mama."

"Marahaba. Ungekuja mwezi uliopita," alisema Kamrudin. "Vyumba vyote vya uani vina mama zenu waliohama vijiji."