Tangi Tupu Sebuleni kwa Mama Hope

Atuganile, ambaye mtaa wake wa Sinza unamwita Mama Hope, alikuwa muuguzi maisha yake yote ya kazi, na adui yake alikuwa mmoja tu: vijidudu. Alivisaka kwenye mikasi, kwenye mashuka, kwenye kucha za wauguzi wanafunzi. Alipostaafu akahamishia vita nyumbani. Ukienda kwake unavua viatu barazani, unanawa, ndipo unaulizwa habari za utokako.

Ndiyo maana mkwewe Muntasir alipomletea zawadi, hakuielewa.

Muntasir ni mume wa Hope, binti yake wa pekee. Kwao ni watu wa duka wenye asili ya Uarabuni, na yeye ni mpole wa maneno machache. Tangu amwoe Hope bomani, hakuwahi kuongea na mama mkwe wake zaidi ya shikamoo, habari za afya na chakula kilikuwa kitamu. Atuganile naye alilelewa Tukuyu, ambako mkwe huheshimiwa kwa mbali, kwa hiyo hakujua aanzie wapi. Sasa Jumamosi moja kijana akashusha kutoka kwenye pikapu tangi la kioo, madumu ya maji ya bahari, mawe yenye matundu na pampu ndogo. Akavipanga sebuleni karibu na kabati la vyombo, akachomeka umeme, maji yakaanza kuzunguka.

Atuganile akauliza samaki wako wapi. Muntasir akasema bado. Tangi ni jipya, samaki akiingia leo anakufa. Kwanza inabidi kuotesha vijidudu.

"Vijidudu?"

"Wazuri, mama. Ndio wanaokula uchafu wa samaki. Bila wao, samaki atakufa kwa mkojo wake mwenyewe."

Akatoa kambamiti mmoja mbichi, akamfunga kwenye kipande cha soksi ya nailoni, akamtumbukiza, akaomba aachwe aoze mle mle, awe chakula cha hao vijidudu. Kisha akamwonyesha dawa ya kupimia: maji kidogo kwenye kichupa, matone machache, unatikisa. Rangi ikiwa ya manjano maji ni salama, ikiwa ya kijani yana sumu. Akamwomba awe anaipiga picha rangi hiyo na kumtumia. Akaaga, akaenda zake.

Atuganile alibaki ameketi mbele ya maji matupu. Alijiuliza kama ni utani. Akajiuliza kama ni namna ya kumsema kwa usafi wake uliopita kiasi, maana Hope alizoea kulalamika. Alipompigia, binti yake alicheka tu, akasema Muntasir ndivyo alivyo, hata yeye hajui.

Baada ya siku chache akapima. Kijani. Akatuma picha kwa wasiwasi, jibu likaja: "Safi sana, mama." Akapima tena, kijani kimekolea kama mchicha. "Vizuri zaidi." Mtu anaambiwa sebule yake ina sumu, kisha anapongezwa. Maji yakaingia ukungu, mawe yakaota utando wa kahawia, na ukifunua kifuniko, harufu yake alikuwa anaijua tangu wodini.

Ikafika zamu yake ya kupokea akina mama wa maombi. Katikati ya chai, jirani yake Vaileth akainama mbele ya kioo, akauliza mnafuga nini humu.

"Maji," Atuganile akajibu, na papo hapo akasikia neno lilivyotoka vibaya.

Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa pwani wana mambo yao. Vitumbua vilibaki sahanini.

Walipoondoka tu, Atuganile akavaa glavu. Akamtupa kambamiti, akamwaga maji, akayasugua mawe kwa brashi na kuyaloweka kwenye jiki, kisha akayasuuza. Akajaza maji ya bomba, akakoroga chumvi ya jikoni. Tangi likang'aa kama chumba cha upasuaji. Akapima: manjano. Akatuma picha, safari hii kwa fahari.

Jioni ile ile Muntasir akabisha hodi, anatabasamu, ameshika mfuko wa plastiki wenye samaki wawili wa rangi ya machungwa. Akaingia, akayaona mawe meupe. Akavuta pumzi, harufu ya jiki ikamfikia. Akauweka mfuko mezani taratibu, akaketi sakafuni, akajishika uso. Mabega yakaanza kutikisika.

Atuganile hakujua kama analia au anacheka. Alisimama na glavu zake, hajui ashike bega la mkwe au asubiri.

Anacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Mama, umeua wodi nzima."

Hapo ndipo Atuganile alipokumbuka wagonjwa waliopewa dawa kali wakaanza kuharisha, kwa sababu tumboni walikufa wabaya pamoja na wazuri. Jambo hilo alilifundisha mwenyewe kwa wanafunzi. Ilikuwaje lisimjie akilini mbele ya tangi? Akalisema, naye Muntasir akaitikia kwamba ndivyo hasa, akaomba radhi kwa kutoeleza vizuri. Alikuwa anaogopa kumchosha kwa maneno.

Samaki wakarudishwa alikowanunua. Wakaanza upya, maji mapya ya bahari na kambamiti mwingine, na Muntasir akawa anakuja kila wiki kuangalia. Kijani kilikolea, kisha vijidudu walipoongezeka na kuila sumu kikafifia, kikaenda manjano chenyewe, bila brashi ya mtu. Siku ile samaki walipoachiwa majini, Atuganile aliwahesabu kila mara akipita, ingawa walikuwa wawili tu.

Bado hajaelewa vizuri. Anawaamini viumbe asiowaona, jambo ambalo mtumishi wa afya wa aina yake hulifanya kwa taabu. Wakati mwingine Hope akija humkuta amesimama mbele ya kioo, anautazama ule utando wa kahawia, brashi mkononi, hajui asugue au aache.