Udongo Juu ya Mume Wangu

Mume wangu alichimba mahandaki jeshini, kwenye vita vya Kagera. Walimchagua kwa ajili ya mikono yake. Sisi Wagogo kiangazi tunafukua maji kwenye mchanga wa korongo, na pale kwetu hakuna aliyekwenda chini kama yeye bila ukuta kumwangukia. Najivunia hilo mpaka leo, na mtu asinichezee.

Lakini huko ukuta ulimwangukia. Udongo ukamfunika yeye na mwenzake. Yeye walimfukua anapumua, mwenzake wakamtoa maiti.

Akarudi kijijini kwetu Kibakwe mzima, miguu yote, macho yote. Nikachinja kuku. Alipofika mlangoni akaangalia juu, akarudi nyuma. Nyumba zetu wakati ule zilikuwa tembe: paa ni miti, na juu ya miti ni udongo mzito, mtu unapanda kuanika mtama.

"Mama watoto, humo siingii."

Akalala uani na mbuzi. Mvua zilipoanza akawa anakaa kizingitini, mgongo ndani, miguu nje, analoa nusu.

Wanawake kisimani hawakuniacha. "Umemfanya nini mumeo mpaka kakimbilia mbuzi?"

"Mbuzi hawana maneno mengi," nikawajibu. Lakini nilichoka. Kulala kama mjane na mume yupo uani kunachosha kuliko kulima.

Mvua zilipokatika nikapanda juu na jembe, nikaushusha ule udongo wote. Mama mkwe akasimama chini, mikono kichwani.

"Unabomoa nyumba ya mwanangu?"

"Namwingiza ndani, mama."

Tukaezeka nyasi. Akaingia, akalala mpaka jua likamkuta. Watoto wengine tuliwapata humo, na uzee pia.

Mwaka jana kifua kikamwondoa. Hakuniomba kitu. Alijua safari hii sina paa la kushusha.

Kaburini mdogo wake akanisogelea. "Shemeji, anza wewe kutupia. Ndiyo desturi, mke kwanza."

Nikainama, nikauchota udongo. Ulikuwa wa moto. Nikaumwaga pembeni.

"Mfunikeni nyie. Mimi siwezi."

Watu wakaguna. Mchungaji akainamia kitabu chake. Shemeji akachukua koleo.

Nikakaa chini palepale juani mpaka wakamaliza. Wajukuu walikuja kuninyanyua, nikawaambia waniache kwanza.