Baridi ya Kumfikisha Mama Butere

Mama mdogo alipofariki, mama yangu alinipigia simu kutoka Matete na kuniuliza jambo moja tu.

"Hiyo gari yako, ile baridi yake inafanya?"

Nilielewa swali lake. Miaka ya moshi wa jikoni imemharibu mama mapafu, na siku hizi vumbi kidogo tu linaweza kumbana kifua mpaka midomo ibadilike rangi. Kiangazi nikisafiri naye, vioo vyote vinapandishwa. Vioo vikipandishwa, joto linambana vilevile. Bila kiyoyozi, basi, mama haendi popote. Mazishi ya kaka yake aliyakosa kwa sababu hiyo, akashinda nyumbani akiyasikiliza kwa simu ambayo mtu fulani alikuwa ameinyoosha juu ya kaburi.

"Huyu nilimbeba mgongoni," akasema. "Nataka kumtupia udongo kwa mkono wangu. Si kwa simu."

"Inafanya, mama," nikajibu.

Nilikuwa nimesema nusu ya ukweli. Pikapu yangu ina umri ambao, ingekuwa mtu, watoto wangekuwa wameanza kuuliza habari za wosia. Kiyoyozi chake kilikuwa kinafanya na hakifanyi. Kuna siku kilinigandisha vidole kwenye usukani, na kuna siku kilinipulizia hewa ya chai. Kingekufa kabisa ningejua pa kuanzia. Ubovu unaokuja na kuondoka unakufanya ujitilie shaka wewe mwenyewe kwanza.

Nilikuwa na fundi wangu hapa mjini Kakamega, mtu wa maneno mengi kuliko spana. Nilimpelekea gari mara kadhaa, na mazungumzo yetu yalikuwa yale yale.

"Mwalimu, hii imekufa. Hebu weka mkono hapa."

"Asubuhi nikitoka Malava nilitafuta sweta."

"Kwa hivyo gari inachaguanga watu?"

"Labda inakuogopa."

"Ni gesi. Hizi za zamani zinakunywanga gesi kama wazee wa busaa."

Anaongeza gesi. Mimi naitoa gari naipeleka barabara ya Webuye kuijaribu, naikimbiza kati ya mashamba ya miwa, na baridi inakuja safi kabisa. Namsifu fundi kwa simu. Kesho yake niko mjini nyuma ya trekta la miwa, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Narudi. Anabadilisha fyuzi. Narudi tena. Anakaza mkanda wa kompresa na kuongeza gesi kidogo, kwa usalama. Mimi nilisoma chuo kikuu, kwa hiyo sikukaa bure: nilitazama video za mafundi wa nchi za mbali hadi nikajua jina la kila kipande kilicho chini ya boneti. Elimu hiyo ilinisaidia kulalamika kwa ufasaha zaidi.

Siku ya mazishi nilimchukua mama mapema. Barabara ilikuwa wazi, nami nilikimbia. Baridi ilikuwa nzuri hata akajifunga leso ya pili.

"Punguza, baba. Utaniua kabla mdogo wangu hajazikwa."

Nilipunguza baridi nikiwa na furaha ya kijinga. Tulipofika mochwari ya hospitali mjini Kakamega, watu walikuwa wameshajaa. Mwili ulitolewa, ukaombewa, ukawekwa kwenye gari la mbele. Sisi, kwa kuwa mama ni dada mkubwa, tulipewa nafasi ya pili. Vijana walikuja na matawi mabichi wakayafunga kwenye uso wa kila gari, kama ilivyo kawaida yetu, ili barabara ijue tumebeba nini. Pikapu yangu waliipa matawi mengi kuliko zote. Niliwashukuru.

Halafu tukaondoka, na ndipo shida ilipoanza. Kwetu mwili ukishaingia barabarani, huo ndio unaongoza. Haupitwi. Anayeupita anaonekana kama mtu anayemkimbia marehemu wake, anayemwacha njiani. Wala haukimbizwi, maana anayerudi nyumbani mara ya mwisho hana haraka. Tulishika barabara ya Mumias kwa mwendo ambao mwanamke mwenye debe la maji kichwani angetupita bila kumwaga tone.

Hatukuwa tumeuacha mji mbali wakati hewa ilipoanza kuwa vuguvugu. Nilizima kitufe nikakiwasha. Nilikigeuza mpaka mwisho. Niliipiga dashibodi kofi, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Ikaja hewa ya chai.

"Imeisha?" mama akauliza.

"Itarudi."

Alianza kupumua kwa sauti ile ninayoijua, kama mtu anayepuliza chupa tupu kutoka mbali. Nilishusha kioo chake kidogo. Upande wa pili lilikuwa linakuja trekta limerundikwa miwa iliyochomwa, nalo likatupitia na wingu la vumbi na masizi. Mama akakohoa mpaka kichwa kikagusa magoti. Nikapandisha kioo. Alipuliza dawa yake mdomoni, akangoja, akapuliza tena. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la gari. Shati lilinishika mgongoni, na mikono yangu iliteleza kwenye usukani. Mbele yangu jeneza lilitembea, nyuma yangu foleni yote ya ukoo, honi na nyimbo, nami nilikuwa nimemfungia mama yangu ndani ya chungu, nampika polepole kwa heshima zote.

Nilifikiria kurudi. Nilimtazama, akajua.

"Usigeuze," akasema. Neno lile moja lilimchukua pumzi mbili.

Tukafika kwenye mteremko wa kuelekea daraja. Gari la mbele liliachia breki, nasi tukaachia. Na baridi ikaja. Ilikuja kweli, ikampiga mama usoni, akafumbua macho. Tukavuka daraja, tukaanza kupanda taratibu, na baridi ikaondoka.

Mama alikusanya pumzi.

"Inapenda kukimbia," akasema.

"Nini?"

"Hii baridi yako. Ikikimbia inapumua. Ikitembea inakatwa pumzi. Ni kinyume changu."

Mimi nilikuwa naijaribu barabarani, nikikimbia. Fundi alikuwa anaijaribu imesimama chini ya mabati yake. Kila mmoja aliapa kwa alichokiona, na kila mmoja alikuwa mkweli. Gari likikimbia, upepo wa barabara unaipooza ile rejeta ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele. Gari likitembea polepole, kazi hiyo inaachiwa feni. Katika ufasaha wetu wote, hakuna aliyewahi kuinama kutazama kama feni inazunguka.

Kwenye soko lililofuata msafara ulisimama ili waimbaji wapate kushuka. Niliruka nje nikang'oa matawi kwa mikono miwili. Feni ilikuwa imetulia kama karani saa ya chai. Niliisukuma kwa kijiti. Ikakwama pale pale. Nikachukua chupa ya maji ya mama nikayamimina yote kwenye rejeta ile, mvuke ukapanda.

Mwimbaji mmoja, mama mnene mwenye filimbi shingoni, akanisogelea.

"Wewe, unanawisha gari kwa matanga? Na hayo matawi umeyatoa, hii ni harusi?"

"Mama ana shida ya kupumua."

Alichungulia kupitia kioo, akaacha mzaha. "Kukhu huyu hafiki hivi," akasema polepole, akimwita nyanya kwa lugha yetu.

Maji yalitupa baridi ya muda mfupi tu. Tulipoanza kutembea tena ilikuwa imekwisha, na dawa ya mama ikawa haileti nafuu. Kucha zake zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya wingu. Hospitali tulikuwa tumeiacha nyuma. Mbele kulikuwa na barabara nyeupe kwa jua, na gari lenye jeneza katikati yake.

"Mpite," mama akasema.

"Mama, hapitwi."

"Nilimbeba mgongoni. Nitamwambia mwenyewe. Mpite."

Nikawasha taa, nikatoka kwenye mstari. Honi za nyuma zilibadilika sauti. Hazikuwa tena za msiba, zilikuwa za kuniuliza kama nina akili. Tulipokuwa sambamba na jeneza, mama aliweka kiganja kwenye kioo na kusema kwa Kiluhya, kwa sauti ambayo hata mimi niliipata kwa shida, kwamba anatangulia kumwashia moto. Mwana mkubwa wa marehemu, ambaye kwetu ni ndugu yangu kabisa, alikuwa amekaa mbele kwenye gari lile. Alinitazama kama mtu aliyemwona mwizi akitoka na viti vya kanisa.

Kisha nikakanyaga mafuta. Baridi ikarudi. Sikuigusa breki isivyo lazima mpaka tulipokata kushoto kwenda Butere, na mama akapumua, akapumua, akaegemeza kichwa.

Nyumbani kwa marehemu wanawake walisikia gari wakatoka mbio wakilia. Bado tawi moja lilikuwa limebaki kwenye bampa. Walilizunguka gari, wakatazama nyuma, wakakuta gurudumu la akiba na jeki. Kilio kikakatika.

"Mwili uko wapi?" akauliza shemeji wa marehemu, mzee mwenye fimbo na koti la sufu.

"Uko nyuma," nikasema.

"Nyuma? Umempita?"

Nilifungua mdomo kueleza habari za feni. Mama alikuwa ameshaushusha mguu mmoja chini.

"Mimi ndiye mkubwa," akamwambia. "Tangu lini mkubwa anafuata mdogo wake? Nileteeni kiti."

Walimletea. Mwili ulipoingia, ulimkuta amekaa mlangoni. Ndugu yangu alinipita bila salamu, na hadi leo salamu zake huja kupitia mke wangu.

Kaburini udongo ulikuwa mkavu, mwekundu, na kila sepetu ilitoa moshi wake. Nilimwambia mama kuwa nitamtupia mimi. Alijifunga leso puani na mdomoni, akanishika kiwiko, tukasogea. Aliinama akachukua konzi moja ya udongo. Akangoja upepo utulie. Hakuutupa, aliinyoosha ngumi juu ya shimo na kufungua vidole, udongo ukaanguka pamoja, na kifuniko cha jeneza kikaitika mara moja.

Kikohozi kilimkamata hapo hapo. Tulimbeba mimi na yule mwimbaji mpaka kwenye pikapu, nikawasha, nikafunga vioo. Hewa ya chai.

"Endesha," akanong'ona.

"Wapi?"

"Popote. Kimbiza."

Basi tukakimbia. Nilikwenda mpaka penye lami nikageuza, nikarudi, nikapita lango la msiba, nikaenda upande wa pili nikageuza tena. Watu walikuwa wamekaa kwa ajili ya obusuma, ugali wa kwetu, na nyama, na kila tulipopita waliinua vichwa. Mzee wa koti la sufu alisimama akanionyesha fimbo. Ndani mlikuwa na baridi. Ile sauti ya chupa tupu ilikuwa inafifia kidogo kidogo, nami sikuthubutu kupunguza mwendo. Mama alikuwa amefumba macho, mkono wenye udongo ameukunja juu ya paja, na nilipompa kitambaa aupanguse alitikisa kichwa.