Matuta ya Mama Justa

Mama Justa alipoletwa Milanzi na mumewe Vitus, karani wa serikali, mtaa ulikuwa na nyumba kumi na mbili tu, na upepo wa kupokonya shuka kwenye kamba. Vitus akapanda mijakaranda barabara nzima. Mkewe, binti wa wakulima, hakuvumilia kuona majani yanachomwa. Kwao nyasi zilifukiwa kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo, zikaoza, ulezi ukastawi juu yake. Basi akawa anayafukia majani shinani mwa kila mti na kupanda maharage humo. Wake za maofisa walimcheka weee, kisha wakamwiga. Leo mgeni akiusifu mtaa kwa kivuli chake, huoneshwa matuta pia.

Vitus ana miaka tisa kaburini. Mjakaranda wa getini ndio wa kwanza aliopanda, na Mama Justa huusalimia kila asubuhi, hajali nani anamsikia.

Ndiyo maana Fabiani, mwenyekiti wa mtaa, alikuja juzi kwa unyenyekevu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni habari ya mti, rudi ulikotoka."

"Umeinamia nyumba ya Avelina hapo jirani, mama, na ana watoto mle. Naomba tutazame shina tu."

Alikubali ili amuumbue. Akaleta jembe mwenyewe, wakafukua tuta alilolirundika miaka arobaini. Chini ya udongo gome lilikuwa limelainika kama mkate uliolowa chai. Kidole cha Mama Justa kikazama.

"Udongo umelikaba," Fabiani alisema taratibu. "Mti si ulezi, mama. Shina linataka hewa."

Mama Justa aliketi chini palepale. Aliumia kuliko siku ya msiba, maana siku ile hakuwa na la kujilaumu.

"Nimeulisha mpaka nimeuua," alisema. "Haya, kateni. Watoto wa watu wasije wakaumia."

Waliukata Alhamisi, naye hakutoka kutazama. Ijumaa asubuhi Avelina alifungua mlango, akamkuta bibi wa miaka sabini na sita amepiga magoti kwenye mti unaofuata, jembe pembeni, anaondoa udongo shinani kwa vidole.

"Mama, si upumzike kwanza?"

"Nitapumzikaje, mwanangu? Imebaki ishirini na mitatu, na yote niliifunika mimi."