Panga Thelathini Zilizokataa Kutoka

Panga za kikosi kile hazikuwa na makali. Zilikuwa za gwaride, butu kama kijiko. Makali pekee katika ghala lao la silaha yalikuwa mdomoni mwa fundi aliyezing'arisha, ndiyo maana askari wakampachika jina la Makali. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba cha dirisha moja, kati ya makopo ya mafuta na matambara, na aliyepita mlangoni hakuondoka bila darasa.

"Upanga huu uliopinda ni wa mpanda farasi," angemwambia hata aliyekuja kuazima ngazi. "Anapita mbio, anakata, anaendelea na safari yake. Akichoma kwa ncha, upanga unanasa kwa adui, naye anabaki mikono mitupu. Kuchoma ni kazi ya mtembea kwa miguu, upanga wake umenyooka. Na mfereji huu ubavuni?"

"Wa kupitishia damu."

"Damu gani! Wa kupunguza uzito. Damu inajua njia yenyewe."

Maafisa wa kikosi hawakuwahi kupanda hata punda, lakini wote walivaa uliopinda, maana unapendeza pichani. Panga hizo zilifuliwa kwa mkono, kila moja na mpindo wake, na kila ala ya kuuhifadhia ikachongwa kufuata upanga wake. Ndiyo maana ziligongwa namba, upanga na ala yake namba ileile.

Akaja kamanda mpya. Akaziona namba, akakunja pua. "Hizi ni silaha au ng'ombe wa kupigwa chapa? Zifutwe."

"Afande, zikifutwa, ala zitapotezana na panga zake."

"Mzee, kazi yako ni kung'arisha. Na upanga ukikwama siku ya gwaride, utastaafu bila barua ya utumishi mwema."

Ilibaki miezi mitatu astaafu. Barua ile ndiyo pekee aliyoitaka duniani. Mkewe alishachagua pa kuitundika sebuleni. Makali akaufyata. Akazifuta namba kwa tupa, panga na ala zikiwa zimerundikwa ovyo kwa amri, kisha akatumia siku tisa kuzirudishia panga ala zake kwa kusikiliza: ala ngeni hukwaruza, ya kwake humeza kimya. Siku ya tisa, panga thelathini za maafisa zilitoka kwa vidole viwili.

Wa thelathini na moja ulikuwa wa kamanda. Yeye aliitupa ala yake, eti imefifia, akachukua ya shaba iliyotundikwa ukutani, yatima wa upanga uliovunjika zamani. Akausukumiza upanga ndani kwa goti.

"Si umeingia?"

"Kuingia si kutoka, afande."

Kamanda akamtazama kama anavyotazamwa mbu.

Siku ya gwaride Makali alisimama nyuma ya jukwaa. Kamanda akanguruma amri ya kuchomoa. Akavuta, wapi. Akavuta tena, mkanda ukapanda mpaka kifuani na suruali nyuma yake. Wakati huo panga za maafisa zilishaanza kutoka, laini, tamu, kazi bora kuliko zote alizofanya fundi yule maishani.

Ndipo kamanda msaidizi akamwona bosi wake anavyohangaika. Upanga wake ulishatoka nusu. Akaurudisha taratibu, akaushika mpini kwa mikono miwili, akaanza kuung'ang'ania huku ameuma meno. Afisa wa pili akaona, naye akakwama. Ndani ya dakika moja maafisa thelathini walikuwa wakipigana mieleka na viuno vyao, kila mmoja akijitahidi kushindwa kuliko mwenzake. Makali akashindwa kulia, akashindwa kucheka.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Jumatatu. Maafisa wote waliapa kwamba panga zilikwama. Mwenyekiti alikuwa kamanda msaidizi, aliyeapa wa kwanza. Panga thelathini zililazwa mezani zikiwa ndani ya ala.

"Una la kusema, mzee?"

Makali hakusema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Alichukua upanga wa mwenyekiti, akauchomoa kwa vidole viwili. Akauweka. Akachomoa wa pili, wa tatu, wa nne, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa thelathini. Maafisa wakayatazama mabuti yao.

Mwenyekiti alikohoa, akamgeukia karani.

"Andika: baada ya gwaride, mtuhumiwa alizitengeneza panga zote kwa siri, bila idhini."