Maziwa ya Ng'ombe Mmoja

Mimi nina mdomo. Mama yangu alinionya tangu utotoni kwamba mdomo huu utaniponza, nami nikamwona mwongo, kwa sababu ndio ulionipatia kazi ya ualimu, na mume pia, tukahamia Kesses kutoka upande wa ziwa tukiwa na heshima zetu.

Binti yangu alipoacha kunyonya, nilitafuta mwenye ng'ombe kabla ya kutafuta yaya. Nikampata jirani, mama wa makamo mwenye ng'ombe wawili, mwekundu na mweusi. Nikampa sharti ambalo wazazi wengi wa huku wanalijua: mtoto mdogo hapewi maziwa ya kuchanganya. Anywe ya ng'ombe mmoja, yule yule kila siku, tumbo lisisumbuke. Tukamchagua mwekundu. Kila asubuhi mama alifika getini na jerikeni ndogo ya manjano, akapima nusu lita kwa kikombe cha bati, kisha akaongeza kidogo cha juu na kusema, "Hii ni ya mtoto."

Mwaka jana binti yangu alichomwa sindano ya penisilini akavimba midomo na macho. Hospitali ya Plateau wakaandika kwa wino mwekundu kwenye kitabu chake cha kliniki kwamba dawa hiyo asipewe tena. Jirani yangu sikumwambia. Nilijiuliza, mtu wa ng'ombe atafanya nini na habari za hospitali?

Basi vipele vikaanza kuja na kuondoka. Wiki mbili mtoto ni mzima, ya tatu anajikuna hadi damu. Nilitupa sabuni, nikachoma blanketi zima, nikamgombeza yaya kwa kumpa mayai. Maziwa sikuyashuku hata siku moja.

Ndipo chifu akaita baraza. Afisa wa mifugo, mtu mpole mwenye gambuti, akatuambia kwamba siku za kuuziana maziwa getini zinakwisha. Yote yatapitia kituo cha kukusanya maziwa, yapimwe, yachanganywe kwenye tangi moja, yabebwe kwa mitungi ya alumini. Kanuni zitakuwa zile zile Uganda, Tanzania na hapa, ili maziwa yavuke mpaka bila kuzozana.

Damu ikanichemka. Nilisimama kabla hajamaliza.

"Kwani ng'ombe wa Kesses anaenda Kampala kufanya nini? Ana pasipoti?"

Watu wakaangua kicheko. Nilipoona wamecheka, nikaongeza. Nikasema tangi lao ni la kuchanganya uchafu wa watu, na mtoto wangu hatakunywa kiwele cha kila mtu. Jirani yangu alikuwa ameketi kando, jerikeni miguuni, maana baraza lilianza kabla hajanipimia. Niliinyakua nikampelekea afisa mezani.

"Pima hii. Ni ya ng'ombe mmoja. Pima watu waone."

Jirani akanishika mkono. "Mwalimu, wacha tu," akasema kwa sauti ya chini. Nilidhani anaona haya.

Afisa akachovya kijikaratasi chembamba. Akaeleza kwamba mistari miwili ikitokea, maziwa ni safi. Tukangoja. Ulitokea mmoja. Akachovya kingine, ukatokea mmoja tena.

"Haya yana dawa," akasema. "Huyu ng'ombe ametibiwa juzi juzi. Dawa ya ugonjwa wa kiwele, jamii ya penisilini."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaona ule wino mwekundu wa Plateau kama umeshikwa mbele ya macho yangu. Niliketi chini, kwenye nyasi, na nguo yangu ya shule. Miezi yote ile! Nimekuwa nikimshikia kikombe mwenyewe, nikimbembeleza amalize.

Afisa alisema kwa upole kwamba yakipimwa kituoni, maziwa kama haya hukataliwa mlangoni. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Tulirudi pamoja, mimi na jirani yangu. Tulipofika getini hasira ikapata njia.

"Ulijua amedungwa sindano! Kwa nini hukuniambia? Mtoto ana aleji ya penisilini!"

Aliweka chini jerikeni, tupu sasa maana afisa alikuwa ameyamwaga maziwa.

"Kila akidungwa nilikuja kukuambia, Mwalimu. Nilisimama hapa hapa. Nikakuambia, siku hizi chache nikuletee ya ule mweusi. Ukasema nisikubadilishie ng'ombe. Kabla nikuambie ni kwa nini, ukafunga geti." Akafuta uso kwa leso. "Nikaogopa nikirudia utatafuta mtu mwingine. Hiyo ni makosa yangu. Lakini ile ya aleji hukuniambia. Ningejua ningekaa hapa nje hadi ufungue."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata maneno yenyewe, na jinsi nilivyojisifu kwa mume wangu kwamba nimemkomesha mama wa maziwa asije akanichezea. Sikio la kufa halisikii dawa, huwa nawafundisha wanafunzi, na huwaeleza maana yake kwa mifano.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Binti yangu akatoka mbio na kikombe chake cha plastiki, mikono imejaa mikwaruzo, akanipita mimi mama yake, akamnyooshea jirani.

Jirani akachuchumaa, akakifunika kile kikombe kwa kiganja.