Joto Lililoshuka Kabla ya Daraja

Nilirudi Kipkelion na vitu viwili ambavyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kurudi navyo: diploma ya ufundi wa magari, na miaka mingi ya kuvuta trela katika nchi za jangwa, ambako gari la mzembe hufa kabla ya saa sita mchana. Sikusomeshwa na harambee. Sikutafutiwa kazi na mtu. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wa kwetu husahau haraka.

Pikapu niliyoinunua nilipofika ni ya dizeli, na gia zake ni otomatiki. Kabla hata sijaiosha niliifungia kipimo cha joto la oili ya gia kando ya usukani, na kihisio chake nikakitia ndani ya mpira unaopeleka oili kwenye rejeta ndogo ya kuipoza. Gari la otomatiki likivuta mzigo mlimani, kinachochemka kwanza ni oili hiyo, na dashibodi ya kiwandani haisemi mapema. Taa yake huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Kipimo changu kilikuwa na namba nyekundu. Chini ya nyuzi mia moja, endesha. Ikipita mia na kumi, punguza mwendo. Ikifika mia na ishirini, simama, hata kama umembeba askofu.

Trela nililichomelea mwenyewe uani. Halikuwa na breki zake, na matrela mengi madogo huku hayana. Kwenye mteremko unalizuia kwa gia, kwa sababu breki za gari peke yake huchemka zikaacha kushika.

Siku ninayoikumbuka ni ile ya kupeleka ng'ombe wa mahari Bomet. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha, tarehe imekubaliwa, na watu wetu wengine walikuwa wametangulia asubuhi. Walinishauri nikodi lori, kanta ya kubebea ng'ombe. Nilikataa. Nilitaka wakwe waone mtu anayejileta mwenyewe, kwa gari lake na trela lake.

Baba wa mchumba wangu alikuwa ametuma maneno mawili. La kwanza, tufike kabla ya mvua ya alasiri, kwa sababu barabara ya kwao ni ya marram, udongo mwekundu na changarawe, na ikilowa inateleza kama sabuni. La pili, watatupokea darajani, chini bondeni, kwa sababu nyanya wa mchumba wangu alitaka kuwa wa kwanza kuwaona hao ng'ombe. Miguu yake ilikuwa imekataa. Wangembeba hadi hapo na asingeweza kupanda zaidi.

Kwa hiyo tulikuwa watu watatu na mitamba wawili wenye mimba. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikaa mbele nami kama msemaji wetu. Shangazi, mzee wa kanisa, alikaa nyuma na Biblia kwenye pochi.

Kericho tuliipita vizuri. Majani ya chai yalikuwa yanang'aa, wachumaji wamejifunga aproni zao za plastiki, na namba yangu ilicheza kwenye tisini. Baada ya Litein tuliacha lami, na hapo mlima ukaanza. Mawingu yalikuwa yameshakaa upande wa Bomet, meusi na mazito. Mitamba waliokuwa wakilia tangu nyumbani walinyamaza kwa pamoja.

Mia na tatu. Mia na kumi na moja. Nikapunguza mwendo.

"Sasa nini?" mjomba akauliza.

"Oili ya gia inapata joto."

"Hii ni gari ama ni mgonjwa? Tangu Kericho unaipima joto tu."

"Mgonjwa akipimwa mapema anapona, mjomba."

"Sikia kijana. Watu wakienda kuoa hawasimami njiani. Wale waliosimama, hata kufunga kiatu tu, wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Usisimame."

Hakuwa anatania. Wazee wetu huiogopa njia ya kwenda kwa wakwe, na hata mnyama akikatiza mbele yao vibaya, wao hugeuza safari. Mimi sina imani hizo. Lakini nilitazama yale mawingu, nikawafikiria wale waliokuwa darajani, na sikusimama.

Mia na kumi na mbili. Mia na kumi na sita.

Shangazi aliinama katikati ya viti akaiona ile namba nyekundu. "Hiyo ndiyo inayokusumbua? Ngoja." Akanyoosha mkono juu ya bega langu, kiganja kikaelekea kipimo, akaomba. Aliomba kwa sauti ya chini, bila haraka. Aliiombea safari, akamwombea bibi harusi na wanyama waliokuwa nyuma, kisha akaikemea ile namba.

Mia na kumi na sita ikawa mia na kumi. Ikawa mia moja na moja. Ikawa tisini na tatu.

"Unaona," alisema shangazi, na akajiegemeza.

Mjomba alicheka kwa raha. "Hata ile diploma haikujua hiyo."

Tulikuwa bado tunapanda, na mlima ulikuwa umezidi kuwa mkali. Mzigo haukuwa umepungua hata kilo moja. Hakuna oili inayopoa namna hiyo katikati ya mlima. Kisha nikasikia injini ikinguruma zaidi huku gari likienda polepole zaidi. Nikajua kwamba kipimo kilikuwa kinapima mpira mtupu, usio na oili.

Kilele kilikuwa mbele yetu, na juu yake palikuwa na kipande kidogo tambarare. Gari lilijikokota hadi pale kama mtu anayejivuta kwa viwiko. Nikakanyaga breki, nikavuta breki ya mkono.

Kutoka pale niliona mteremko wote. Ulishuka moja kwa moja katikati ya chai, bila kona ya kukupa nafasi, hadi mtoni. Darajani palijaa watu wenye nguo za rangi. Walikuwa wameiona pikapu. Wimbo wa kutupokea ukaanza.

"Twende, wameshaanza kuimba," mjomba akasema.

"Hatushuki."

"Namba si iko chini?" Shangazi alikuwa na hasira sasa. "Bwana amekujibu na wewe unakaidi?"

Nilishuka, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya pikapu na ya trela, kisha nikaonyesha nyuma. Mstari mwekundu wa oili ulipanda mlima nyuma yetu, mwembamba mwanzoni, mpana karibu nasi. Jiwe lilikuwa limekata mpira unaopeleka oili kwenye rejeta ndogo ya gia. Nikarudi ndani, nikaingiza gia, nikakanyaga mafuta. Injini ilipiga kelele na gari halikusogea hata kidogo.

Mjomba alitazama bondeni, kisha akanitazama. "Basi toa gia, weka free, ijishukie yenyewe. Mimi nimeshuka milima kama hii na free maisha yangu yote."

"Na trela likitusukuma kwa nyuma? Bila gia nitalizuia kwa kitu gani?"

Nikatoa ufunguo, nikautia mfukoni. Mjomba akapiga simu kwa watu wetu waliotangulia. Iliita tu. Kwa zile nyimbo, hakuna aliyeisikia.

Tukawateremsha ng'ombe. Nikiwa na suti yangu niliyoshonewa ng'ambo, nikashika kamba ya mtamba wa kwanza, mjomba akashika ya pili, na shangazi akatutangulia. Tulipokuwa nusu ya mteremko, wimbo ulikatika. Walikuwa wamegundua kwamba tunakuja kwa miguu. Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka, na udongo ukaanza kuteleza chini ya viatu vyangu. Niligeuka mara moja tu kuitazama pikapu kule juu, na yale mawe.

Watu walitupisha darajani. Katikati kabisa, mahali ambapo magurudumu yangepita, palikuwa na kiti cha plastiki, na juu yake nyanya, miguu imefunikwa blanketi. Daraja lile halikuwa na kingo. Pembeni yake watoto walikuwa wamepangwa mstari.

Nyanya alinyoosha mkono akagusa pua ya mtamba. "Mbona mmekuja kwa miguu?" akauliza. "Niliambiwa mna gari."

Shangazi alikuwa anakitazama kile kiti. Alikitazama muda mrefu, kisha akaugeukia mteremko tulioshuka, kisha akaja akaichukua kamba mkononi mwangu polepole, akaishika yeye.

"Liko juu," nikamwambia nyanya. "Nililiacha juu."